Zamu za Makopo Matatu

Kwa miezi minne damu ya mama ilikuwa haitulii, na Pini alikuwa na hakika kwamba kosa ni la mama mwenyewe.

Pini ni jina alilobandikwa kazini, kwa sababu yeye ni fundi wa kufunika makochi na huongea na wateja huku pini mbili tatu ziko mdomoni. Mama anaishi kwake. Miaka kumi na moja iliyopita mama aliwekewa vali ya bandia moyoni, na tangu hapo humeza kila jioni kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye vali hiyo. Kidonge hicho hakina mchezo. Damu ikiwa nzito, bonge linaweza kuziba vali au kukimbilia kichwani. Ikiwa nyepesi mno, inavuja ndani kwa ndani. Miaka yote majibu ya vipimo vya damu yalikuwa yamenyooka. Sasa mwezi huu nzito, mwezi ujao nyepesi, daktari anapandisha dozi, anashusha, anapandisha tena. Mara ya mwisho alivua miwani akasema wazi kwamba wakiendelea hivi watampoteza.

Pini alirudi nyumbani amefura kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga mtupu. Akamshutumu mama kwamba anasahau dawa. Akavifungia vidonge kwenye droo ya vitambaa, akawa anampa kwa mkono wake, tena anamwambia afungue mdomo na kuinua ulimi kama mtoto wa chekechea. Mama alitii. Majibu yaliyofuata yakatoka mabaya vilevile.

Hapo katikati kulikuwa na suala la makopo. Mama alikuwa amekonda, na watoto wote watatu walijitosa kumnenepesha. Kaka mkubwa, muuza vipuri, alileta unga wa maziwa wenye vitamini, wa kukoroga kwenye uji. Mdogo wao, anayefundisha shule ya mbali, alituma vidonge vya mafuta ya samaki. Pini, ambaye hajawahi kukubali kushindwa na ndugu zake hata kwa kupiga miayo, alinunua kopo kubwa kuliko yote: unga wa majani ya kijani yaliyokaushwa, lenye picha ya mzee anayekimbia utadhani anadaiwa. Daktari alipouliza kama mama anatumia kitu kingine chochote, Pini alijibu hapana. Kwake vile vilikuwa chakula, na nani aende kliniki kutaja uji?

Uji huo mama alijikorogea mwenyewe siku zote. Ila asubuhi moja aliamka mnyonge, Pini akamkorogea, akatia kijiko cha kufurika cha unga wake wa kijani. Mama aliutazama, akakisogeza kikombe.

"Wiki hii ni ya kaka yako," alisema.

Akaeleza bila wasiwasi wowote kwamba anakwenda kwa zamu. Wiki moja kopo la kaka, wiki moja la Pini, wiki moja la mdogo wao, kisha anaanza upya. Ndivyo alivyowalea. Walilala ubavuni mwake kwa zamu, walilamba mwiko kwa zamu, na aliyelia alingoja zamu yake hukohuko akilia.

Pini akawaza: basi kinachobadilikabadilika ni makopo, si kidonge. Hakwenda karakana siku hiyo. Alitia makopo yote kwenye mfuko, akamchukua mama mpaka kliniki. Mama alipokuwa anatolewa damu, mfamasia alisoma maandishi ya kila kopo, akalinganisha zamu na tarehe za vipimo kwenye kadi ya mama. Majani yale, alisema, yana vitamini K kwa wingi, na hiyo hushindana na kidonge. Wiki ya Pini damu inakuwa nzito, na kipimo kikiangukia hapo dozi inapandishwa. Majani yakiondoka, dozi kubwa inabaki peke yake, na mafuta ya samaki nayo huenda yanaongezea wepesi. Yote yasimame kwanza, na mboga za kawaida aendelee kula kwa kiasi kilekile kila siku. Alisema kwa upole, lakini Pini alisikia jambo moja tu: kopo baya kuliko yote ni lake.

Alimkuta mama kwenye benchi la ukumbini, pamba imebanwa kwenye kiwiko.

"Mama, ni lile langu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuumiza."

Mama akatikisa kichwa. "Lako ndilo lililonisaidia. Wiki zako pua haitoki damu kabisa."

Pini akakaa kando yake kwenye benchi. Kumbe wiki nyingine damu ilikuwa inatoka puani, na mama alikuwa akijifutia ndani ya mtandio wake kimya kimya.

"Sasa kama uliona linakusaidia, mbona hukulitumia kila siku?"

"Ningemwambia nini kaka yako?"

Pini akalia palepale, mbele ya wagonjwa wengine, akamwomba mama radhi kwa droo na kwa habari ya ulimi. Alipotulia akamweleza alichosema mfamasia: unga wa majani ndio basi tena.

Mama akaushika mfuko kwa mkono wake mzima. "Unga wako tu?"

"Makopo yote matatu. Yanaachwa siku moja."

Mama akamtazama usoni kuhakikisha, kisha akauachia mfuko.