Chumba Kilichojengwa Njiani

Mji wetu ulichorwa kabla babu hajazaliwa: mitaa imenyooka kama ubao wa drafti, na nyuma ya kila safu ya nyumba, futi kumi na mbili za kichochoro. Miaka ikapita, watu wakasahau. Huyu akaweka banda la kuku, yule bafu. Mimi nikajenga chumba cha kushonea.

Sikuvamia. Baba alipofariki, kaka yangu ndiye aliyegawa kiwanja, maana ni mpima ardhi wa manispaa. Mtaani wanamwita Rula. Alichukua upande wa mbele, akanionyesha nyuma.

"Jenga, mdogo wangu. Hapa ni pako."

Miaka tisa nilishonea humo, kwa vyerehani vitatu.

Mwezi uliopita walikuja watu wa mabomba ya majitaka, wakachora alama nyekundu ukutani kwangu. Nikaenda ofisi ya ramani kifua mbele, nikijua wamekosea. Mama wa masjala akanitandazia karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Kidole chake kikafuata mstari, kikatua palepale penye vyerehani vyangu.

"Hii ni njia, mwanangu. Haijawahi kuwa kiwanja."

"Kuna mwingine wa kwetu aliyewahi kuiona ramani hii?"

Akafunua daftari la kuazima ramani. Sahihi ya kaka, wiki mbili baada ya mazishi ya baba.

Nilimkuta mezani, anakula.

"Kaka, ulijua?"

Akaacha kutafuna. "Nilijua. Lakini nani alidhani watafukua mistari ya enzi zile? Mtaa mzima umejenga juu ya njia."

"Wewe hukujenga."

Wifi akainuka, akaenda jikoni bila kuchukua sahani.

"Nina watoto wanne," kaka akasema. "Wewe ulikuwa peke yako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ile ramani.

Siku ya kubomoa, ofisi ilimtuma yeye huyohuyo aje kuonyesha mpaka. Akaniona nahangaika na cherehani cha mwisho mlangoni, akaweka utepe wa kupimia chini, akanyoosha mikono anipokee.

"Acha," nikamwambia. "Wewe pima."

Akaokota utepe wake.

Sasa nashonea barazani kwa seremala, mtaa wa tatu. Mabomba yamepita, harufu imekwisha, majirani wanashukuru. Wifi huniletea sare za watoto nizipunguze, nami nazipunguza. Watoto hawana kosa. Kaka akinisalimia barabarani namwitikia, kisha naendelea na safari yangu.