Jina Langu Lilipanda Boti

Niliota usiku wa jana kuwa ile boti ya mwendo kasi ya Pemba imekuja kwangu Jang'ombe kunitembelea. Ilipita uchochoroni kwa ubavu. Mlangoni ikavua yale matumbo yake mawili ya kuelea majini, ikayapanga kama ndara, ikaingia.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Haikai. Inasema imestaafishwa, asubuhi inakwenda kukatwa vipande, na haiwezi kukatwa ikiwa na abiria ndani.

"Abiria gani?"

"Jina lako. Aliyeandikwa kwenye orodha lazima asafiri. Wewe ulirudi nyumbani, jina likapanda. Mwaka wa tisa huu linakwenda na kurudi."

Nachungulia. Kweli, jina langu limekaa siti ya dirishani, limekonda, limekumbatia mfuko wa kutapikia.

Siku ile dada yangu Kazija alikuwa mgonjwa kwake Mkoani, Pemba, akaniita. Nilikata tiketi, nikafika mpaka getini, nikaona upepo, nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake boti zikazuiwa. Keshokutwa akazikwa.

"Shuka basi," naliambia jina.

"Abiria hashuki mpaka nifungwe kamba," inasema boti. "Ndiyo sheria."

Naifunga kwenye mguu wa kitanda. Kutazama, kitanda ni gati la Mkoani, nami nimesimama juu yake na kanga ya kulalia. Jina linashuka polepole, likinishika bega.

"Miaka yote hii mbona hukushuka?"

"Niliona haya. Safari ile ya kwanza nilimkuta Kazija gatini, kajifunika shuka la hospitali. Akaniuliza, mwenyewe yuko wapi? Nikarudi ndani."

"Kazija alikuwa hawezi hata kukaa. Niliambiwa."

"Uliambiwa," likasema jina, likaniingia kinywani. Lilikuwa na chumvi.

Nilipoamka nikasali, kisha nikampigia simu Raya, binti wa Kazija.

"Raya, siku ile niliyosema nakuja nisije, mama yako alikwenda bandarini?"

Nikasikia anazima redio.

"Mama mdogo, nani kakwambia? Tulimkodia gari. Akagoma kuondoka mpaka waliposhuka mabaharia. Akatuapisha usijue."

"Alisema nini?"

"Alisema, Mize anaogopa upepo tangu mdogo, msije mkamgombeza."