Ubao wa Madoa

Ubao ulining'inia kwenye mlango wa chumba changu, na mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe: TASA.

Katika nyumba ile, kila ng'ombe alikuwa na ubao juu ya kihori chake. Mama mkwe hakuonja shule, nami nilifika darasa la tatu, basi kazi ya chaki ikawa yangu. Anakamuliwa. Ana mimba. Aliyeandikwa tasa alisubiri lori la bucha.

Madoa nilimlea kwa chupa tangu ndama. Alipandishwa mara tatu kwa fahali mpya wa mume wangu, hakushika. Wifi akaniamuru niandike. Niliandika.

Sasa ubao ulikuwa umehamia kwangu, mwaka wa nne wa ndoa bila mtoto. Wifi alikuwa uani, anacheka peke yake na ndoo. Mume wangu akapita, akausoma, akaendelea kupiga mswaki. Kicheko ningekisamehe. Ule mswaki, hadi leo, sijausamehe.

Asubuhi ileile bwana mifugo alikuja kumkagua Madoa kabla ya lori. Alipochomoa mkono akauliza nani kamwita huyu tasa.

"Niliandika mimi," nikasema.

"Dume mlimpima?"

Mama mkwe akajibu kwamba dume hapimwi, dume huonekana. Lori likarudishwa tupu. Kesho yake bwana mifugo akaja na vifaa, akachukua mbegu za fahali, akaziangalia kwa kioo chake cha kukuzia. Hamna kitu. Madoa akapelekwa kwa fahali wa jirani, akashika mara moja.

Siku niliyoandika *ana mimba*, nilimgeukia mume wangu mbele ya mama yake.

"Twende na sisi tukapimwe."

"Unanifananisha na ng'ombe?"

"Ubao ulipokuwa mlangoni kwangu, uliusoma."

Hakwenda. Niliondoka na furushi moja, na ubao ule kwapani. Kwa mume wa pili nilizaa watano.

Juzi mjukuu wangu alikuwa na kamusi yake ya shule jikoni. Akanisomea: tasa, jike asiyezaa. Akaniuliza, "Bibi, na dume asiyezalisha anaitwaje?"

"Mimi nilikuwa namwita mume wangu."

Akacheka, akadhani ni mzaha. Nikamwomba kitunguu kingine. Ubao ule ndio ninaokatia mboga. Chaki ilifutika zamani, lakini kisu bado nakikandamiza kuliko kitunguu kinavyotaka.