Nafasi ya Binti wa Nyumba

Matokeo yangu hayakuwa mabaya. Hilo naomba lieleweke mapema, maana baba aliyatangaza Kumasi nzima kama tanzia. Nilipata C karibu katika kila somo, na B moja ya Dini, ambayo mama aliitaja kwa kila mteja aliyekuja kula fufu, ugali wetu wa kutwanga, kwenye kibanda chake. Tatizo ni kwamba chuo cha uuguzi cha Asubone kilifurika maombi ya wasichana wenye A za kumwaga. Mimi na C zangu tungesubiri nje mpaka tuote mizizi.

"Wala usihangaike," baba akaniambia. "Kile chuo kimejengwa kwenye shamba la kakao la bibi yangu mzaa mama. Kila mwaka nyumba yetu inapewa nafasi zake. Nani atakuuliza habari ya C?"

Mama aliacha kutwanga, akashika mchi kama anayetaka kumtwanga mtu.

"Nyumba yenu, Nsiah, siyo yake. Tangu lini mtoto wa Kiashanti akawa wa ukoo wa baba? Dufie ni wa kwetu. Huko kwenu ni mgeni tu, hata mkimpenda vipi."

Baba alijua ni kweli. Angekuwa na dada mwenye watoto, hao ndio wangeipata ile nafasi, sisi tukapiga makofi. Dada alikuwa naye, Shangazi Konadu, ila hakuwahi kuzaa. Alikuwa Abidjan miaka mingi akiuza vitenge, na pale Asubone hakuna aliyejua kama ana watoto saba au hana hata kuku. Baba alipopata wazo hilo alicheka peke yake, na mama akasema, "Haya, wazimu umeanza."

Shangazi alifika na masanduku yake, akanitazama juu mpaka chini.

"Kuanzia leo nimekuzaa mimi," akasema. "Na ulinitesa! Uchungu wako siusahau mpaka naingia kaburini."

Siku ya kwenda kuonana na mama malkia wa Asubone, mkuu wa nyumba ya baba, baba alinifundisha njia nzima nimwite Mjomba. Kila nilipojisahau alinifinya.

Nana, ndivyo tulivyomwita mama malkia, alikuwa kikongwe mdogo mwenye macho ya kuchoma. Yeye ndiye aliyechagua watoto wa nyumba watakaoingia chuoni. Pembeni yake, akimpepea, alikaa mjukuu wake Amponsah. Nikamkonyeza. Amponsah alikuwa fundi magari Kumasi, na kwa mwaka mzima alikuwa akila fufu ya mama kila mchana, hata siku aliyoshiba, ili apate kukaa karibu na mimi. Kwamba ni wa nyumba ile nilijua. Kwamba jambo hilo lina maana yoyote asubuhi ile, sikuwaza, na baba hakuwaza, na shangazi ndiye kabisa. Akili zetu zote zilikuwa chuoni.

Baba alitoa chupa ya kinywaji kikali, akaeleza shida yetu. Shangazi akaeleza uchungu wake.

"Mbona kafanana na Nsiah hivi?" Nana akauliza.

"Pua ya mjomba wake, Nana," shangazi akajibu bila kupepesa jicho. "Huwa inaruka."

"Inaruka. Haya." Nana akaiweka chupa mapajani. "Basi nisaidieni. Jumapili mjukuu wangu huyu alinipigia magoti. Anataka niende Kumasi nikambishie hodi Nsiah, nimposee binti yake. Anaitwa Dufie, mama yake anauza fufu. Nilifurahi, maana mtoto wa kaka yetu ni mke mzuri kwa kijana wetu. Sasa naletewa Dufie mtoto wa Konadu. Akiwa wa Nsiah, mimi nafunga safari ya Kumasi, ila nafasi ya chuo asahau. Akiwa wa Konadu, anakwenda chuo, na huyu anayenipepea ni kaka yake. Nani atanijibu?"

Shangazi akakohoa. Baba akatazama dari.

"Mmekuwa mabubu? Aseme mwenyewe."

Sikujua kwamba Amponsah alikuwa amepeleka jina langu kwa bibi yake. Alitaka kunishtua, na kweli nilishtuka. Nilimpenda, sifichi. Lakini tangu utotoni nilitaka kuwa muuguzi, tangu siku nilipomwona mmoja akimfokea daktari mbele ya wagonjwa na daktari akatii. Nikaona njia mbili: kwenye moja nina sare nyeupe, kwenye nyingine nina mume na mchi wa mama. Labda ilikuwepo ya tatu. Nilikuwa na umri wa kutoona ya tatu.

Nikamgeukia Amponsah. "Hujambo, kaka."

Pepeo likamponyoka.

Nana alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Konadu, wewe hujazaa hata paka! Unadhani Abidjan ni mbinguni, habari hazirudi?" Kisha akafungua chupa. "Binti, uongo mbele yangu ni mchezo. Lakini naweza kukuingiza nyumbani kweli, mbele ya waliotangulia. Nikishawamwagia kinywaji hiki, hakirudi chupani. Nimwage?"

Amponsah alikuwa ameinama akitafuta pepeo lililokuwa miguuni pake.

"Mwaga, Nana," nikasema.

Akamwaga. Akawaambia wazee walio chini kwamba huyu hapa ni wao, ale nao, alie nao, asiolewe nao.

Mama alininunia mpaka likizo ya kwanza, nilipoingia kibandani na sare. "Wamekununua kwa kitanda cha bweni," akasema, kisha akawaita wateja wote wanione.

Amponsah aliushika ukaka kama mtu aliyeapishwa. Alikuja bwenini na viazi vikuu, akamwambia matroni, "Mimi ni kaka yake," na mlango ukafunguliwa. Nilipohitimu alipiga vigelegele kuliko wanawake.

Sasa nafanya kazi hospitalini, na hata madaktari nawafokea. Wachumba wanakuja. Kwetu mwanamume hamchukui mwanamke bila kumridhisha kaka yake kwa zawadi. Wa kwanza alikuwa mwalimu. Amponsah akasema anakohoa. Wa pili alikuwa mfamasia. Akasema eti alimwona akila fufu kwa kijiko. Wa tatu alikuja juzi, mtu wa heshima, hana kasoro hata ya dawa. Amponsah alikaa na zawadi ile mapajani muda mrefu, kisha akamrudishia.

"Bado," akasema.

Baba akawaka. "Amponsah! Dada yako unamtakia nini hasa?"

Amponsah akaomba maji. Yeye mwenyewe hajaoa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikampelekea maji ya kunywa.

Akayapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, dada."