Shuka Chini ya Mlango

Dobi alipofungua mlango wa dada yake, harufu ilimpokea kabla ya mtu. Dada, aliyepigwa na kiharusi, alikuwa amelowa mkojo na kinyesi hadi mabegani. Nzi walijikalia kwenye kidonda cha mgongo kama wenye nyumba. Na muuguzi alikwisha sema wazi: asipogeuzwageuzwa, kidonda kitafika mfupani, na hapo ni kumzika tu.

"Leo umegeuzwa?"

Dada alifumba macho.

Katika chumba cha pili sauti nene ilikuwa ikisoma Injili. Huyo ndiye mwana wa dada, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtumishi. Alikuwa akijinoa mwenyewe, bila mwalimu: saa yake ya mezani ikilia anasoma, ikilia tena anakariri, ikilia tena anaomba. Dobi alikuwa akimsifu kwa wenzake kanisani mpaka wakamchoka.

Ndipo akaona kitu chini ya mlango wa chumba hicho. Shuka alilolifua na kulipiga pasi kwa ajili ya mgonjwa lilikuwa limesokotwa na kushindiliwa kwenye uwazi, likinuka marashi. Akalivuta.

Mlango ukafunguka. "Shikamoo, mama mdogo. Naomba ulirudishe. Harufu inanitoa kwenye Neno."

Dobi hakulirudisha. Miaka yote amefua nguo za watu, zenye damu na zenye kinyesi, na hajawahi kutapika. Sasa alilishika shuka lile la marashi mbali na pua yake.

"Najifunza kuutiisha mwili, mama mdogo. Si lelemama."

"Wako unautiisha, wa mama yako unauozesha. Njoo ushike bega."

Akaja ameziba pua.

"Teremsha mkono, baba. Hukuja bustanini."

Walipomgeuza, Mtumishi alitapika kwenye beseni, kamasi na machozi pamoja. Chumbani kwake saa ikalia. Akainuka upesi, kama aliyeokolewa. "Saa ya kukariri."

"Ilete hapa."

Akaileta. Dobi akaiweka kando ya mto wa mgonjwa.

"Kila ikilia, unamgeuza, unamfuta. Kisha soma hapa hapa, kwa sauti, naye asikie. Jioni nitapita. Mgongo wake utaniambia umesoma nini."

Mtumishi akaketi, uso umemsawijika, akafungua kitabu.

Dobi akaenda bombani kunawa. Kinyesi kilitoka kwa maji ya kwanza. Marashi yakagoma. Akasugua hadi vidole vikamwasha, akatema mate, akasugua tena.