Patipati za Metrine

Mashine ya dansi ilipofika Kisumu mwaka wa tisini na tisa, mkweche kutoka Dubai, wazee walioipita walidhani ni mizani ya pamba. Ilikuwa na jukwaa la chuma lenye vigae vinne vya mishale, na mbele yake kioo kama cha televisheni. Mshale ukipanda kwenye kioo, mchezaji anakanyaga kigae chenye mshale kama huo, na kigae kinawaka. Akichelewa, mashine inamzomea. Mwenyewe, Bwana Absalom wa Milimani, aliiweka katika ukumbi wake karibu na steji ya mabasi, akaizungushia kamba kama ng'ombe wa mahari.

Haikukaa sana ikaanza kugoma. Kigae cha kushoto kiliwaka chenyewe bila mtu, kisha kikakataa kuzima. Akaitwa Wakhisi, fundi wa redio wa Nyalenda, mtu mnene, mwenye kicheko kikubwa na imani kwamba kitu kilichofungwa na binadamu hakiwezi kumshinda binadamu mwingine kukifungua. Alitoa skrubu, akainua kigae, akauona ugonjwa. Ndani mlikuwa na vibati viwili vya kugusana mtu akikanyaga, na pembeni vipande vya mpira vya kukirudisha kigae juu mguu ukiondoka. Soda zilizomwagika zilikuwa zimeila mipira ile ikawa uji.

Absalom alisema spea ziko Japani. Wakhisi akacheka, akauliza tangu lini mpira ukakosekana Kisumu.

Metrine, binti wa Wakhisi, alikuwa amechutama kando akitazama mikono ya babake. Homa ya utotoni ilimwondolea masikio, ikamwachia macho ambayo hayakukosa kitu. Nyumbani walizungumza kwa ishara walizojitungia wenyewe, chache, za chakula na maji na kazi na twende. Lakini juu ya mashine ile msichana hakuhitaji ishara ya mtu. Kabla haijaharibika, Absalom alimruhusu kucheza asubuhi wateja wakiwa hawajaja, naye akawa hakosi. Mishale aliiona, na kishindo cha spika kilimpanda kwa nyayo.

Sasa Absalom alikuwa ametangaza mashindano ya Jumamosi. Mshindi angeajiriwa hapo ukumbini, asimame karibu na mashine awafundishe wateja. Kwa vijana wengine huo ulikuwa mchezo. Kwa Metrine ilikuwa ndiyo njia pekee ya kubaki mjini, maana shangazi yake Nekoye alishafika kutoka Port Victoria kumchukua akaanike omena, dagaa wa ziwani. Kiziwi mjini, alisema Nekoye, ni wa kugongwa na gari tu. Hakuwa mama mbaya, aliogopa. Akapatana na Wakhisi, kaka yake, kwamba msichana akishinda atabaki, akishindwa wataondoka Jumapili. Metrine aliijua Port Victoria. Huko watoto walimtupia vijiwe mgongoni waone kama atageuka.

Basi alipoona babake anapekua mkoba akitafuta mpira, alivua patipati zake, ndara za mpira, akampa. Wakhisi alifurahi mno. Akazikatakata kwa wembe, akazibandika kwa gundi pale palipooza, akafunga kigae na kupanda juu. Kikawaka. Akaruka, kikawaka tena, akashuka kikazima. Akamwita Absalom, naye akacheza na kitambi chake chote. Metrine alitaka kupanda ajaribu, babake akamzuia kwa mkono: gundi ilikuwa haijakauka, na isitoshe, fundi akishajaribu kuna nini tena?

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Ochieng, kijana mbeba mizigo wa bandarini, alicheza kwanza. Alitokwa na jasho, akakosea hapa na pale, lakini vigae vyote vilimwitikia. Kisha akapanda Metrine, miguu mitupu. Juu, sawa. Kulia, sawa. Kushoto, mashine ikamzomea.

Aliutazama mguu wake. Mshale wa kushoto ukaja tena, akaupiga katikati, na kigae hakikuwaka. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, na kwa kufanya hivyo akachelewa kwa mishale mingine. Watu wakaanza kuambiana kwamba maskini, atachezaje muziki asiousikia?

Wakhisi aliuona ule mguu ukitua mahali pake, akaelewa. Mpira wa patipati ulikuwa mnene mno. Mwili kama wake uliuponda vibati vikagusana. Mtoto wake, mwepesi vile, alikuwa anatembea juu yake tu. Alisukuma watu, akamfikia Absalom, akamwomba asimamishe. Wimbo ukaisha wakiwa bado wanabishana. Absalom akapanda mwenyewe, akakanyaga kushoto. Kikawaka. Ukumbi mzima ukacheka.

"Mzee Wakhisi, mguu yangu inasikia," akasema. "Ya Ochieng inasikia. Ni wewe ulitengeneza ukaniambia iko sawa. Sasa imekuwa mbaya juu ni msichana yako?"

Ng'ombe wa maskini hazai, walisema wahenga, lakini hawakusema afanyeje maskini aliyemfunga kizazi ng'ombe wake kwa mikono yake mwenyewe.

Watu walipotawanyika Wakhisi alikifungua kigae, akauparuza mpira kwa wembe ukawa mwembamba, akakifunga. Akakigusa kwa vidole viwili. Kikawaka. Absalom alitazama, na ilionekana wazi kwamba ameumia. Lakini Ochieng alikuwa ameshapewa kazi mbele ya watu, na mamake alishapiga vigelegele hadi barabarani.

"Omera, ndugu yangu," Absalom akasema, "sasa nitado nini?"

Nyumbani, Nekoye alikuwa anakunja nguo za safari. Wakhisi alikaa mbele ya bintiye, akatoa vipande vya patipati vilivyobaki. Alimwonyesha mpira, akamwonyesha mguu wake, akajipiga kifuani. Mimi. Ni mimi. Hawakuwahi kutunga ishara ya kosa, hawakuwahi kuihitaji. Akarudia tena, mpira, mguu, kifua, machozi yakimtiririka.

Metrine aliyafuatilia yote kwa macho yale yasiyokosa kitu. Kisha akatikisa kichwa, akaishika mikono ya babake akaituliza mapajani, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akainua kidole, akagusa sikio lake mwenyewe, kisha kifua chake.