Mawifi wa Chumba cha Kufulia

Paa! Kimya kidogo, kisha paa! tena. Mgeni aliyepita ukumbi wa nyuma wa hospitali kwa mara ya kwanza alisimama, akasikiliza, akaamini kwamba nyuma ya ule mlango wa bati kuna mtu anachapwa makofi bila kulia. Wauguzi walizoea kumtoa hofu. Walimwambia hao ni mawifi, apite tu.

Walikuwa wanawake wawili na shuka. Huyu ameshika pembe mbili, yule ameshika mbili, wanalivuta na kulikung'uta mpaka linalia, mikunjo inakimbia, halafu wanalikunja. Hawakuwa mawifi wa damu wala wa ndoa. Waliitwa hivyo kwa sababu waligombana tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyewahi kuwaona wametengana. Mmoja alikuwa mrefu, na jina lake likawa Mrefu. Mwenzake alikuwa amezaa pacha, basi yeye akawa Mama Pacha. Wenyewe waliitana wifi, mwanzoni kwa utani, na utani ukakolea mpaka likawa jina.

Kazi yenyewe Mrefu aliisema vibaya kila siku ya Mungu. Mvuke ulimtoa jasho mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Miguu ilimvimba. Harufu ya dawa ilimfuata mpaka kitandani, na mumewe, ambaye kiwanda chao kilifungwa na hajapata kibarua cha maana tangu hapo, alimtania kwamba ameoa zahanati. Msimamizi akigeuza kisogo, Mrefu aliapa kwamba akipata hata kibanda cha kuuza mkaa haonekani tena mahali hapa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mama yake alipolazwa wodi ya juu, Mrefu alimkuta amelala kwenye shuka lenye kiraka cha bluu, shuka alilolikunja mwenyewe. Mgonjwa hakujua. Alipapasa godoro kwa kiganja, akasema walau kitanda cha hapa kimenyooka. Mrefu alishuka ngazi siku ile akitembea kama mtu aliyesifiwa kwenye redio. Na tangu siku ile, kila shuka lilipotoka kwenye mashine ya kukaushia likiwa na joto lile la mkate, aliliweka shavuni mara moja kabla ya kulikunja. Mama Pacha alimwona, akamwambia aache kubusu mali ya serikali.

Sasa, wakunjaji wa shuka hukutana katikati. Huyu anatembea nusu ya njia, yule nusu, mmoja anapokea pembe, mwingine anainama kuokota pindo la chini. Mawifi hawakukunja hivyo. Mrefu alitembea njia nzima. Alimfikia Mama Pacha pale pale aliposimama, akampokonya pembe zake kwa chini, usawa wa kiuno, akainama yeye, akarudi yeye, akaja tena yeye. Aliyewatazama kwa mbali aliona wanawake wawili wenye kasi. Hakuona kwamba mmoja wao hakuinua mkono wa kulia hata siku moja.

Bega la Mama Pacha lilikwisha. Lilikwishia hapo hapo, kwenye sakafu ile ya saruji, siku toroli lenye gurudumu bovu lilipoinama na robota la mashuka mabichi likamwelekea. Alitaka kulizuia kwa mkono. Shuka kavu ni kitambaa, ila shuka bichi ni jiwe, na yalikuwa mengi. Mrefu alikuwa upande wa pili wa toroli. Alisikia kitu kikilia ndani ya bega la mwenzake, sauti ndogo kama kijiti kinachovunjwa. Hawakusema kwa mtu. Fundi wa boila, yule aliyeungua kiganja kabla yao, alikwenda kusema, akaambiwa apumzike kwanza nyumbani. Anapumzika mpaka leo. Mama Pacha alikuwa na watoto wawili wa kidato kimoja, wenye sare moja na njaa moja, na hakuwa na nafasi ya kupumzika. Basi Mrefu akaanza kutembea njia nzima, na ugomvi wao ukaongezeka, kwa sababu watu wanaogombana hakuna anayewadhania siri.

Asubuhi moja msimamizi aliingia na jipya. Walimwita Kola, kwa ukosi wa shati lake uliosimama kwa wanga hata kwenye mvuke. Hakuwa mtu mbaya. Alianzia kazi kwenye meza hizo hizo kabla ya kampuni binafsi kuchukua kandarasi ya kufulia hospitali na kumpa ofisi ya vioo. Alitangaza kwamba kuanzia leo hakuna jozi za kudumu. Kila asubuhi atapanga upya nani akunje na nani, ili porojo zipungue na kazi iongezeke. Mzee wa mashine ya kukaushia, ambaye alichukia kazi yake waziwazi na hivyo kufurahi kuliko wote, alimuuliza kama na mashine nazo zitabadilishana wenza. Watu wakacheka. Kola naye alitabasamu kidogo, kisha akasema hakuna mzaha.

Mawifi hawakucheka. Walikuwa na dakika chache tu, wakazitumia vizuri. Kwenye meza ya foronya mtu hukunja peke yake, mikono ikiwa chini, na binti wa meza hiyo alichoka siku nyingi kuwa peke yake bila wa kuongea naye. Mrefu alimnong'oneza. Binti hakuuliza sababu, akaja meza ya mashuka, na Mama Pacha akaenda kwenye foronya kana kwamba amekwenda kuchukua kitu. Kola alipopita akapanga wengine, akamwona Mama Pacha anakunja foronya vizuri, akaridhika, akapita. Mrefu akavuta pumzi. Kwa mbali Mama Pacha alimbinulia midomo, yaani, umeona?

Ingeishia hapo. Lakini asubuhi hiyo hiyo kampuni ilileta wanawake wapya watatu, na Kola akataka waone shuka linavyokunjwa na wanaojua. Akatazama chumba kizima, akamchagua Mrefu. Na kwa vile alikuwa na fahari yake ya zamani, akakunja mikono ya shati na kushika pembe mbili mwenyewe. Akawaambia wapya watazame, yeye alikuwa mkunjaji kabla hawajajua kufunga vifungo.

Paa! Shuka likalia vizuri. Kola akatoka kuja katikati, na katikati akamkuta Mrefu, na Mrefu hakusimama. Alipita katikati kama hapakuwa na katikati. Alimfikia msimamizi kifuani, akampokonya pembe kwa chini, usawa wa kiuno, akainama, akaokota pindo, akarudi nyuma. Wale wapya wakacheka. Kola naye akacheka, akarudi mahali pake na pembe zake.

"Mama, mbona unanifuata mpaka kwangu?" aliuliza. "Tukutane hapa."

Mrefu akasema samahani, ni haraka tu. Wakaanza shuka jingine. Safari hii alijiambia kabisa moyoni, simama katikati, simama katikati. Lakini kichwa kilisema lake na miguu ikasema lake, na miguu ilikuwa imefundishwa kwa muda mrefu zaidi. Akajikuta tena mbele ya ule ukosi wa wanga, mikono yake ikitafuta pembe kiunoni kwa mtu aliyekuwa ameziinua hadi mabegani. Vidole vyake vikashika hewa.

Hapo Kola hakucheka. Alibaki na shuka mikononi, akitazama zile nafasi mbili, pale mikono yake ilipokuwa na pale mikono ya Mrefu ilipozitafuta pembe. Mkunjaji haoni mambo kama mtu mwingine. Akageuza kichwa taratibu mpaka kwenye meza ya foronya.

"Mama Pacha," alisema. "Hebu njoo ukunje na mimi."

Mama Pacha alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji. Alishika pembe zake. Kola akavuta, akainua. Mkono wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika kifuani ukagoma, na uso wa Mama Pacha ukabadilika rangi, na pembe ikamponyoka. Shuka likalala sakafuni. Mama Pacha alijaribu tena bila kuambiwa, na hilo ndilo lililomfanya Mrefu atazame pembeni.

Mama Pacha alipelekwa kwenye ofisi ya vioo. Kila mtu alimwona anaongea na hakuna aliyesikia. Akatoka, akachukua mkoba wake na viatu vya kutembelea, akaondoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, akimpungia tu mzee wa kukaushia. Kisha Kola akamwita Mrefu.

Alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema hana ugomvi na mtu. Alisema yeye naye ana mkubwa juu yake, na huyo mkubwa anakuja kesho asubuhi, na atauliza swali moja tu: mama huyu aliumia wapi. Kama aliumia kazini, kampuni itamtibu na kumlipa mpaka apone, na kisha wataulizana kwa nini toroli halikutengenezwa, na aliyetakiwa kulitengenezesha ni nani. Hapo Kola aligusa ukosi wake. Kama aliumia nyumbani, basi ni bahati mbaya, atapewa mkono wa kwaheri na mambo yataisha kwa amani. Mwenyewe anadai ni kazini, lakini hakuna aliyeripoti. Shahidi ni mmoja.

"Wewe ni mtu wa busara, mama," Kola alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kuomba. "Sema bega alikuja nalo kutoka kwake. Meza ya mashuka inahitaji kiongozi, na kiongozi hasimami kutwa, anakaa. Nitazame na mimi, nina watoto."

Mrefu alitazama miguu yake iliyovimba. Alisema kazi ni nyingi, akaomba aende. Kutwa nzima alikunja na binti wa foronya, na kutwa nzima alijilaumu kwamba alinyamaza. Kila alipomfikia binti mpaka alipo, binti alifurahi kutumikiwa, akasema angejua angehamia meza hii zamani. Mrefu alivuta shuka jingine.

Jioni hakwenda kwake. Alikwenda kwa Mama Pacha, chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma chakavu, pazia likigawa kitanda cha mama na godoro la watoto. Pacha walikuwa nje wakigombania ndoo. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye stuli akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, kiazi amekibana kati ya magoti. Hakuinuka.

"Miguu yako ina umbea kuliko mdomo wako," alisema. "Na mdomo wako naujua."

Mrefu alitaka kucheka ikamshinda. Alikaa sakafuni, akamnyang'anya kisu, akaanza kumenya. Alijaribu kusema samahani, Mama Pacha akamkatiza, akasema amwache na samahani zake, kwani nani amewahi kuishika miguu ya mtu isitembee. Kisha akauliza Kola amemwambia nini. Mrefu akamwambia yote, pamoja na kile kiti cha kiongozi.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na njia yake ya kutazama ukuta akifikiri jambo zito, kama anayesoma kitu kilichoandikwa hapo.

"Sema nyumbani," alisema hatimaye. "Mumeo hana kazi. Mimi nimeshatoka, wifi, sirudishwi na maneno. Wakikufukuza na wewe tutapata nini? Wanawake wawili wa kumenya viazi. Kaa kwenye hicho kiti, upumzishe hiyo miguu, uwe unaniletea sabuni."

Aliyasema kwa utani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika. Mrefu aliutazama. Alifikiria mashuka yote yaliyopita kwenye mkono ule, na watu wote waliolala juu yake, wakazaa, wakapona, wakafa juu ya kitu safi kilichonyooka, bila hata mmoja kujua jina la aliyeyakunja. Hasira ilimpanda polepole, hasira isiyokuwa ya Kola peke yake wala ya toroli. Ilikuwa ya watu wanaotaka bega lako kazini, likivunjika wanataka liwe limevunjikia kwako.

Aliweka kisu chini. Nje pacha walikuwa wameacha kugombana na kusogea mlangoni, kwa sababu watoto husikia sauti za wakubwa zinapobadilika.

"Wifi, nitazame," Mrefu alisema. "Kesho akija huyo mkubwa nitasema uliumia kazini, nami nilikuwepo. Sitasemea ofisini wakafunga vioo. Nitasemea mezani, kwa sauti, mpaka aliye kwenye foronya asikie."